Wazee, Majengo na Mfuko wa Halmashauri

 Nimepewa nafasi usiku huu redioni nizungumze juu ya jambo ambalo kila unapowadia msimu wa bajeti hurejea katika mabaraza ya madiwani, katika kamati za maendeleo za kata, na katika vibaraza vya kahawa vilevile, nalo ni hili: kama yafaa halmashauri, ambayo mfuko wake ni mdogo na wanaoutazamia ni wengi, itenge fedha kwa ajili ya majengo na huduma za wazee wake, na kama yafaa, fedha hizo zitumike kwa njia gani. Swali la kwanza, kwa maoni yangu, halina ugumu mkubwa. La pili ndilo linalotushinda, na ajabu ni kwamba aghalabu hatulifikii, kwa sababu kikao chote humalizikia katika la kwanza.

Tuanze kwa kuwatendea insafu wale wanaopinga. Sensa ya mwaka 2022 ilidhihirisha kwamba Tanzania ina watu zaidi ya milioni 61, na kwamba katika kila watu 10 zaidi ya 4 hawajatimiza miaka 15, hali wenye miaka 60 na kuendelea wapata 6 tu katika kila mia. Basi diwani anayesimama barazani akasema kwamba shule ya kata yake ina watoto wanaoketi sakafuni, na kwamba hathubutu kurudi kwa waliomchagua akawaambia fedha ya madawati imekwenda kununulia wazee viti, huyo hasemi maneno ya mtu aliyekosa huruma. Amepiga hesabu, na hesabu yake yapaswa kujibiwa kwa hesabu, wala isijibiwe kwa kumkumbusha radhi ya wazazi, kama wafanyavyo baadhi yetu tukiishiwa na hoja.

Wako na wengine, hao husema kwa sauti ya chini kidogo, kwamba mzee ni wa jamaa zake, na kwamba serikali ikianza kumtunza, watoto watapata udhuru wa kumsahau. Hoja hii ina asili njema, kwani imezaliwa katika desturi ya watu waliokuwa wakiishi ua mmoja, walakini yasahau kwamba ua wenyewe umekwisha kutawanyika. Kijana aliyetoka Pangani au Kilwa akaenda Dar es Salaam kutafuta tarazaki hakuwatupa wazee wake. Amepanga chumba kimoja Mbagala, anatuma anachoweza kwa simu, na mara nyingi amewarudishia wazee hao wajukuu wawili watatu wawalee. Katika nyumba ya namna hii bibi wa miaka 68 ndiye anayepika, ndiye anayenunua daftari, na ndiye anayeamka usiku mtoto akipata homa. Tena tukumbuke kwamba malipo ya uzeeni hapa Bara aghalabu ni ya mtu aliyeajiriwa kwa barua na mshahara ukakatwa michango; mvuvi, mkulima wa minazi, mama muuza vitumbua na fundi wa majahazi, ambao ndio wengi wa wazee wa mwambao, hawamo katika daftari hilo, ijapokuwa ushuru wa samaki wao, wa nazi zao na wa meza zao sokoni ndio uliokuwa ukijaza mfuko wa halmashauri tangu kabla ya diwani wa leo kuzaliwa. Kwa sababu hiyo mimi siioni fedha atakayotengewa mzee kuwa ni sadaka, maana amekwisha kuilipia.

Sasa niwageukie wanaounga mkono, ambao mimi ni mmoja wao, ingawa mara nyingi huona haya kwa vitu tunavyoviomba. Tukiulizwa wazee wafanyiwe nini, jibu letu la haraka ni jengo. Jengo huonekana, hupigwa picha, huwekwa jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi, na likiezekwa bati la rangi humpa kila apitaye njiani hakika kwamba jambo fulani limefanyika. Hufunguliwa karibu na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, kwa ngoma, pilau na hotuba, na katika hotuba hizo lazima atokee mmoja wa kutukumbusha kwamba penye wazee haliharibiki neno, naye husema hivyo miezi kadhaa baada ya bajeti kupitishwa bila ya mzee hata mmoja kuulizwa neno. Wageni wakiisha kuondoka, ufunguo hukaa kwa mtendaji wa kata, na mtendaji ana safari nyingi. Ukumbi huanza kukodishwa kwa harusi siku za Jumamosi, jambo ambalo si baya lenyewe kama fedha ya kukodisha ingejulikana inakokwenda. Balbu moja huungua, kisha ya pili. Siku moja uniti za LUKU humalizika, na hapo ndipo inapogundulika kwamba katika vitabu vyote vya halmashauri, ambamo mna kifungu cha saruji, cha nondo, cha mkandarasi na cha msimamizi wa mkandarasi, hamna kifungu cha kununulia umeme wa jengo la wazee.

Yamkini wasikilizaji watadhani kwamba nawalaumu watumishi kwa uzembe, na uzembe upo, lakini sababu kubwa zaidi imo katika utaratibu wenyewe. Halmashauri zetu zimeagizwa kwamba sehemu maalumu ya mapato yao ya ndani, inayopanda kwa zile zenye uwezo zaidi, itumike katika miradi ya maendeleo, ili makusanyo yote yasimalizikie katika posho na mafuta ya magari. Agizo hili ni jema na lilihitajiwa sana. Hata hivyo limeleta matokeo ambayo nadhani hayakukusudiwa: kwa kuwa kujenga ni maendeleo, na kutunza ni matumizi ya kawaida, mhazini huona wepesi kupata mamilioni ya ukuta mpya kuliko elfu chache za kurekebisha bomba la ukuta uliopo. Na mzee, wasikilizaji wangu, ni mtu wa marekebisho. Mahitaji yake karibu yote ni madogo, nayo hurudi kila mwezi.

Niruhusuni niwapeleke kwenye zahanati, kwani nadhani huko ndiko swali letu lilikofichika. Nendeni zahanati yoyote ya kijiji cha mwambao siku ya kliniki ya shinikizo la damu na kisukari, mfike mapema, msimame pembeni mtazame. Mlangoni pana vidato vitatu vya saruji visivyo na kitu cha kushikia. Ukiutazama ukuta wa upande wa kushoto, utaona katika chokaa alama nyeusi ya viganja, iliyo juu kidogo ya kiuno cha mtu mzima, imekolea mahali pamoja kwa sababu mamia ya mikono imeegemea hapo hapo, wenyewe wakitafuta namna ya kuinua mguu wa pili. Ndani kuna benchi refu la mbao lisilo na egemeo, na wazee waliofika saa 12 asubuhi huketi juu yake wameinama mbele, viwiko juu ya mapaja, hadi mgongo uwalazimishe kusimama, na wakisimama nafasi yao huchukuliwa. Choo kipo, tena kimepakwa rangi, nyuma kabisa ya kiwanja, karibu na mwembe. Ni choo cha kuchuchumaa, na mtu ambaye magoti yake yamekwisha kukataa kuchuchumaa hawezi kukitumia hata kiwe safi namna gani.

Hapa hutokea jambo ambalo wauguzi hulijua na madiwani hawalijui. Miongoni mwa dawa za shinikizo la damu mna kidonge kinachomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Mzee anayeijua hali ya choo kile hamezi kidonge chake asubuhi ya kliniki, wala hanywi maji tangu alfajiri, kwa kuchelea fedheha. Basi akipimwa, shinikizo huonekana limepanda, daktari huandika kipimo kikubwa zaidi au humkaripia kwa kutotii, na mzee hunyamaza, maana ataanzaje kumweleza kijana wa umri wa mjukuu wake kwamba tatizo ni magoti? Bomba moja la chuma lililochomelewa na fundi wa mtaani, mteremko wa saruji pembeni ya vidato, choo kimoja cha kukaa chenye vishikio pande mbili, na benchi zilizotiwa migongo: hayo yote kwa pamoja, nathubutu kusema, hayazidi gharama ya hema, viti vya kukodi na pilau ya siku ya ufunguzi. Tena mjamzito atashika bomba lile lile, na mtu aliyevunjika mguu atapita katika mteremko ule ule, jambo ambalo ni sehemu ya jibu langu kwa diwani wa madawati.

Serikali kuu nayo imefanya lake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, ikatamka kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bure, na tangu hapo halmashauri zimekuwa zikiwaandikisha na kuwapa vitambulisho, na katika hospitali nyingi limewekwa dirisha lao lenye kibandiko kinachoagiza mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Sina haja ya kuligeuza tendo jema kuwa baya. Ila kila mwenye mzazi anajua kwamba dirisha ni dirisha na dawa ni dawa; mzee hupishwa, huhudumiwa kwanza, na huwa wa kwanza kuambiwa kwamba dawa hakuna, akanunue dukani. Amri ya matibabu ya bure imetoka juu, na pengo lake la fedha limeachwa lizibwe na kituo cha chini.

Wako wanaosema kwamba mjadala huu wote wa majengo na vidato ungekwisha kama mzee angepewa fedha mkononi, ajipangie mwenyewe. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na ndugu zetu wa Zanzibar wameitekeleza: tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, hupewa pensheni jamii kutoka katika hazina ya Serikali ya Mapinduzi, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na mwaka 2020 wakatunga sheria mahsusi ya masuala ya wazee. Kenya nayo huwalipa waliofikisha miaka 70 shilingi zao 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii. Fedha mkononi ina staha yake, kwani mzee mwenye fedha yake huombwa ushauri hata na mkwe asiyempenda. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, malipo haya hutoka katika hazina za serikali kuu, na hakuna halmashauri ya wilaya itakayoweza kuyabeba kwa ushuru wa samaki na kodi ya vizimba. Pili, hakuna mzee atakayechukua 50,000 zake akanunua choo cha kukaa akakiweke zahanati. Viko vitu ambavyo fedha ya mtu mmoja haivinunui, na ni kwa ajili ya vitu hivyo ndipo watu wakaanzisha halmashauri.

Makao ya wazee nayatajia neno moja tu. Nyumba za Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani kule Pemba, na makazi ya Bara kama Nunge ya Kigamboni, Bukumbi ya Mwanza na Kolandoto ya Shinyanga, ambayo baadhi yake yalianza yakiwa makambi ya wagonjwa wa ukoma, ni kwa wale waliokosa kabisa mtu wa kuwatazama. Hao hawana budi kutunzwa, na huku Bara ni kazi ya wizara. Mzee ninayemzungumzia mimi analala kwake, ana jirani, ana msikiti au kanisa, ana mahali pake pa kuchezea bao. Anachokosa ni mji unaomwezesha kutoka nyumbani akarudi salama.

Basi fedha za mambo madogo yanayorudi kila mwezi zitoke wapi? Watu wa mwambao tungepaswa kuona haya kuuliza, kwa maana mababu zetu walilijibu swali hili kabla ya kuwapo mhazini wa halmashauri. Mtu akichimba kisima, au akijenga msikiti, au akitaka maskini wa mtaa wake wapate futari kila Ramadhani, hakuishia katika kujenga; aliweka pamoja nacho shamba la minazi au nyumba ya kupangisha, akaiandika wakfu, akamteua mutawali wa kuisimamia, na tangu siku hiyo nyumba ile haikuweza kuuzwa wala kurithiwa, ila kodi yake ilikwenda pale ilipoandikiwa. Na mafakihi waliweka kanuni ambayo kila nikiikumbuka huwastaajabia kwa busara yao: pato la wakfu hutangulia kutengeneza mali yenyewe, bati lake na kuta zake, na yanayobaki ndiyo wanayopewa walionuiwa. Yaani fundi wa bati hulipwa kabla ya maskini, ili maskini wa mwakani naye apate.

Sisemi kwamba wakfu zote zilitunzwa vema. Walikuwapo mutawali waliojisahau wakadhani mali ni yao, na Kamisheni ya Wakfu ya Unguja, iliyoasisiwa mwaka 1905 wakati wa himaya ya Waingereza, iliwekwa kusimamia mali hizo. Hata baada ya hapo, kodi zisizopandishwa kwa miaka mingi ziliziacha nyumba nyingi za wakfu za Mji Mkongwe zikidondoka plasta. Nalitaja jambo hilo la kodi kwa sababu nitalirudia punde. Lakini kanuni yenyewe ni sahihi, na ndiyo ninayoiomba: halmashauri isiweke kitu chochote cha wazee pasipo kukiambatanisha na pato lake. Fremu kumi za maduka pale stendi, mathalani, au vizimba vya safu moja ya soko, vitajwe katika bajeti kwa namba zake kwamba kodi yake ni ya vishikio, benchi, vyoo, umeme na dawa za wazee katika zahanati za kata fulani na fulani, na hesabu yake ibandikwe ukutani kila robo mwaka.

Mhazini ataniambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa makusanyo yote huingia katika akaunti moja na hugawanywa kwa mujibu wa bajeti, wala hakuna shilingi yenye jina la mtu. Nakiri kwamba anaijua kazi yake kuliko mimi. Ila nitamwuliza kuhusu asilimia 10. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na ijapokuwa mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ilirejeshwa, na hakuna aliyedai kwamba shilingi hazina jina. Katika mgawo huo mzee hakutajwa. Bibi aweza kuingia kwa mlango wa wanawake, babu hana mlango. Nami siombi wazee wapewe mikopo, kwa sababu mtu wa miaka 75 hana haja ya deni. Nataka kuonyesha tu kwamba bunge likitaka, na baraza la madiwani likitaka, fedha hupata jina mara moja.

Narudi kwa diwani wa madawati, maana nilimwahidi hesabu. Akichukua orodha ya fremu za halmashauri yake na majina ya waliozipanga, kisha akapita yeye mwenyewe stendi na sokoni, akamwuliza kila mwenye duka analipa kodi kiasi gani na anamlipa nani, katika miji yetu mingi atakuta kwamba aliyeandikishwa siye anayeuza. Ni mtu wa kati, aliyeipata fremu zamani kwa kodi ya zamani, naye huipangisha kwa mfanyabiashara kwa kodi ya leo, na tofauti huitia mfukoni mwake mwezi baada ya mwezi, kwa kodi isiyopandishwa sawasawa na ile ya nyumba za Mji Mkongwe. Fedha hiyo haimo katika madawati wala katika vishikio vya zahanati, kwa hiyo kuitafuta hakutamnyang'anya mtoto yeyote kiti chake. Mikataba ya fremu hizo ina tarehe ya kwisha. Kamati za maendeleo za kata huanza kuorodhesha mahitaji ya mwaka ujao wa fedha katika miezi ya mwisho ya mwaka, na mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kuitwa kila miezi mitatu. Mzee yeyote anayenisikiliza ana haki ya kuhudhuria, na akifika, kabla hajaomba ukumbi, aombe asomewe tarehe za mikataba hiyo.